Saa ya Mpimaji

Haya yalimpata rafiki yangu Yonasi wa Isansa, wakati wa kupima mpaka wa nchi huku Tunduma. Alibeba mgongoni, ndani ya sanduku, saa kama zile za melini, ambayo bwana mpimaji aliitumia kujua walipo. Ili asigongwe, alitembea nyuma ya wote.

Msituni ukungu ukashuka, mchana ukawa giza. Wenzake hakuwaona tena. Alijipa moyo kwa mlio wa saa tu: ti, ti, ti.

"Yonasi!"

"Niko hapa, bwana!"

Mpimaji akarudi, akafungua sanduku, akaguna. "Imesimama tangu asubuhi. Hukusikia imenyamaza?"

Yonasi akatega sikio. Alikuwa bado anausikia mlio, nyuma yake, ndani ya ukungu, ukisogea: ti, ti, ti.