Kiti cha Mzee Mkasi

Kila asubuhi, kabla ya kushika nyundo, Fundi alikuwa na kazi mbili. Kwanza alimbeba mtoto wake hadi karakana. Kisha alimwita jirani, mshona viatu, wakamwinua baba yake. Mmoja alishika kwapa hili, mwingine kwapa lile. Wakamkalisha mzee kwenye kiti karibu na mlango, na mtoto akawekwa mapajani mwake. Hapo ndipo siku ilianza.

Fundi alikuwa mwanamke anayetengeneza makochi. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake huyo huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mkasi. Alikuwa akikata kitambaa kwa mkono usiotetemeka, na maneno aliyakata hivyo hivyo. Mteja mbishi aliingia pale na mdomo mrefu, akatoka ameufyata.

Mwaka uliopita Mzee Mkasi aliteleza uani. Hakuvunjika, alichubuka goti tu. Lakini Fundi aliingiwa na hofu. Mama yake alikuwa ameshafariki, na mzazi aliyebaki ni huyo mmoja. Akaapa kwamba baba yake hatafanya kazi tena. Akamtengenezea kiti.

Na kiti kilikuwa kiti kweli! Kilikuwa kifupi na kipana, kina sponji tabaka tatu na vifungo mgongoni. Ukikikalia, unazama. Wateja walikiona wakaagiza cha namna hiyo hiyo. Fundi hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Mtoto wake walimpa jina la utani, Kifungo, kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo. Sasa alikuwa na miezi kumi na mitatu, na hakuwahi kuwekwa chini. Sakafu ya karakana ilikuwa na misumari midogo, na mtoto hachagui cha kutia mdomoni. Kwa hiyo akitoka mgongoni mwa mama, anaingia mapajani mwa babu.

"Wote wawili wako salama," Fundi alipenda kuwaambia watu. "Mimi sina wasiwasi."

Wasiwasi alikuwa nao. Miguu ya baba yake ilikuwa inakonda, suruali zinampwaya. Na Mzee Mkasi, yule wa maneno, siku hizi alisema "ndiyo", "hapana" na "asante" tu. Fundi aliogopa kwamba baba yake anaondoka kidogo kidogo, huku yeye anamtazama.

Siku moja mhudumu wa afya alikuja kumpima Kifungo. Alikuwa mama mmoja mchangamfu, mwenye mkoba begani na mzani mkononi. Kwanza alichuchumaa mbele ya kiti.

"Shikamoo, baba."

"Hajambo, anaendelea vizuri," Fundi akajibu upesi.

Mhudumu hakuinuka. Aliendelea kungoja, macho kwa mzee.

"Marahaba," Mzee Mkasi akasema mwishowe.

Uzito wa Kifungo ulikuwa mzuri. Kisha mhudumu akatandika shuka sakafuni, akamweka mtoto juu yake, na kopo jekundu mbele yake, mbali kidogo. Kifungo alilitazama kopo. Akamtazama mama yake. Akainua mikono yote miwili abebwe, akaangua kilio.

"Bado hatambai?" mhudumu akauliza.

"Atambae wapi, dada? Juu ya misumari?"

"Na kusimama kwa kushikilia kitu?"

"Bado. Mvivu kama baba yake."

Mhudumu alicheka. "Usimsingizie mtoto. Huyu si mvivu, hajapewa nafasi. Watoto hawalingani. Mmoja hutembea akiwa na mwaka, mwingine mwaka na nusu. Akipita hapo hatembei, mlete kliniki tumchunguze. Lakini misuli inataka kazi ndipo ikue. Na akili vilevile. Mtoto akilifuata kopo, anajifunza karibu na mbali. Akikwama, anatafuta njia. Wewe ukimpa kila kitu mkononi, yeye atafikiri nini?"

Fundi aliona ni kweli. "Haya," akasema. "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu nitamkunja."

"Vizuri. Na baba je? Kwa siku anasimama mara ngapi?"

"Baba? Baba kazi yake ni kupumzika. Huyo samaki ameshakauka, dada."

"Mtu si samaki," mhudumu akasema, na safari hii hakucheka. "Mtu hakauki akiwa hai. Misuli ya mzee ni dhaifu kuliko ya kijana, lakini ukiipa kazi kila siku inaongezeka nguvu. Ukiinyima, inakwisha. Akili yake bado inajifunza. Na kuongea na watu, kuulizwa jambo akajibu, hiyo nayo ni haja ya mtu tangu anazaliwa mpaka anazikwa."

"Lakini mimi namheshimu baba yangu!" Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Hiki kiti nilikishona wiki tatu!"

"Sijasema humheshimu. Hebu tumweke baba pale kwenye benchi. Kisha kaa wewe hapa."

Wakamhamisha mzee. Fundi akakaa. Akazama. Magoti yake yakapanda juu kuliko kiuno.

"Sasa simama," mhudumu akasema. "Usishike kitu."

Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa akibeba kochi zima kichwani. Akajisukuma, akarudi chini. Akajisukuma tena, akarudi chini. Mara ya tatu alibiringika upande, akatoka kwa magoti.

Kisha akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi mingi. Mzee Mkasi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba," mhudumu akamwuliza, "wewe mwenyewe unataka nini?"

"Anataka tu..." Fundi alianza.

"Nimemwuliza baba."

Mzee Mkasi alifuta macho kwa kiganja. Alimtazama binti yake, kisha akatazama chini.

"Nataka kwenda chooni peke yangu," akasema.

Fundi alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mara ngapi kwa siku alimwita mshona viatu wamsindikize baba yake chooni, wakamsubiri mlangoni wakipiga soga? Hata siku moja hakumwuliza. Machozi yalimlenga, lakini hakulia. Fundi akikata shauri, hana kulia. Alienda ukutani, akatwaa mkasi, akarudi kwenye kiti chake kizuri, akautia kwenye mshono.

"Si hapo!" Mzee Mkasi akafoka kutoka kwenye benchi. "Anza nyuma, kule chini. Utaniharibia kitambaa, we mtoto! Nilikufundisha nini?"

"Samahani, baba," Fundi akasema, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

Jioni ile kiti kilikuwa kingine. Fundi alitoa tabaka mbili za sponji, akabakiza moja ngumu. Aliongeza urefu wa miguu mpaka baba yake akikaa nyayo zake zinakanyaga chini sawasawa na magoti yanalingana na kiuno. Mikono ya kiti aliifanya imara, ya kushika vizuri. Hakikuwa kizuri tena.

Kesho yake walikwenda kwa daktari, kama mhudumu alivyoshauri. Daktari alimpima mzee presha, macho na miguu. Akasema hana ugonjwa wa miguu, amenyong'onyea kwa kukaa tu. Aanze pole pole. Asimame na kukaa mara tano asubuhi, mara tano jioni, na mtu awe karibu. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na arudi hospitali.

"Simama karibu, usimvute," mhudumu alimwonya Fundi. "Hilo ndilo gumu."

Lilikuwa gumu kweli. Siku ya kwanza Mzee Mkasi alisimama mara moja, akitetemeka. Siku ya nne alikataa kabisa. "Magoti yanauma. Niacheni nife zangu kwa amani."

Mikono ilimwasha Fundi. Kumvuta ilikuwa rahisi mno! Akaifunga mikono kifuani, akasimama pale pale.

"Kufa utakufa, baba, na mimi pia," akasema. "Lakini leo ni zamu ya kusimama."

Mzee alishika mikono ya kiti. "Umerithi ukaidi wa mama yako," akasema. Akasimama mara mbili.

Walibadilisha na mengine. Fundi alitenga pembe moja ya karakana, akatandika zulia la zamani, akaizungushia fremu za makochi. Mzee Mkasi alijipa kazi bila kuombwa. Alifunga sumaku kwenye fimbo, na kila asubuhi, akiwa kitini, aliipitisha sakafuni mpaka haukubaki hata msumari mmoja. Ndipo Kifungo alishushwa. Siku za kwanza alilia. Wiki ya pili alijivuta kwa tumbo kufuata kopo jekundu. Wiki ya nne alishika fremu, akasimama, akawatazama wote kama amefungua duka.

Wateja walipouliza, "Mzee anaendeleaje?" Fundi alijibu, "Mwulize mwenyewe, huyo hapo." Walipomwuliza, walipata majibu yao, na mengine hayakuwa matamu. Mmoja aliyechagua kitambaa chepesi aliambiwa kwamba hicho kinafaa kuchujia chai.

Uani, Fundi alipigilia ubao wa kushikia ukutani, kutoka mlango wa karakana mpaka chooni. Ndani ya choo akaweka kishikio kingine. Aliondoa ndoo zote njiani, akasugua utelezi. Ilikuwa hatua ishirini na mbili. Kila siku baba na binti walikwenda pamoja, binti nyuma kidogo, mikono kifuani.

Mwezi wa tatu tangu waanze, asubuhi moja, Fundi alikuwa ameinama juu ya kochi la mteja, misumari midogo mdomoni. Aliposimama kunyoosha mgongo, kiti kilikuwa kitupu.

Akatupa nyundo, akakimbilia mlango wa uani. Baba yake alikuwa katikati ya njia, mkono mmoja kwenye ubao. Fundi alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika. Alibaki pale pale mlangoni, misumari bado mdomoni, akihesabu hatua zake kimoyomoyo. Kumi na tano. Kumi na tisa. Ishirini na mbili.

Mlango wa choo ukafungwa. Kisha Fundi akasikia komeo likisukumwa kwa ndani, taratibu, mpaka mwisho.

"Wewe huko mlangoni," sauti ya Mzee Mkasi ikasema. "Huna kazi ya kufanya?"