Maneno Aliyoyaokota Kasuku

Mikono miwili ilishika fungu moja la mlenda mkavu katika Soko la Majengo, Dodoma, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa na vumbi limetanda.

"Kaka, hili nimeshika mimi."

"Wewe umelitazama, dada. Aliyeshika ni mimi."

Dorkasi alivaa gauni la kitenge cha njano, kilemba kimekaa upande. Alimkagua yule kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Mwanaume mzima unanunua mlenda. Kwenu hakuna dada?"

"Dada zangu wako Kolo. Nikiwasubiri nitakufa njaa."

Wakacheka, wakagawana fungu. Jumatatu, Dorkasi alipoingia kazini akamkuta amekaa meza ya jirani, ndiye mwandishi mpya wa programu za kompyuta. Jina lake Elieza.

Enzi zile programu iliandikwa kwa vidole, mstari kwa mstari. Waliandika ya vikundi vya wakulima wa zabibu, mmoja akiandika, mwenzake amevuta kiti kando akikagua. Sasa, ndani ya programu kuna mahali pa kuacha maneno ambayo kompyuta huyaruka, yawekwe kwa ajili ya binadamu atakayekuja kusoma baadaye. Wengine huandika maonyo hapo. Elieza aliandika: *Pumzisha macho, mlenda wangu. Chai imeiva.*

Kesho yake Dorkasi akajibu chini yake: *Nimeiona. Usinywe yote, mtu wa Kolo.*

"Utatufukuzisha kazi," alimnong'oneza.

"Kwetu Kolo watu wa kale walichora mawe, wakafa, michoro ipo mpaka leo. Mimi nipite bure?"

Wakaendelea hivyo, misimu ya zabibu ikaja ikapita, hadi mwaka huu mkuu wao, Bi Dorothea, alipoleta akili mnemba inayoandika programu yenyewe. Elieza akapewa kazi ya kuiunganisha na kompyuta za ofisi na kuisomesha kazi zao zote za zamani, ili iandike kama wao. Wakaibatiza Kasuku. Ukianza mstari, Kasuku anakumalizia kabla hujawaza. Kazi ikaenda mbio. Viti navyo vikarudi kila kimoja mezani kwake, na Elieza, kichwa kimemjaa Kasuku, akaacha kuandika ya chai.

Dorkasi alivumilia. Jumapili mshenga wa Elieza, mzee Ebenezer, angekwenda kwao Mkonze kupeleka posa, na hilo lilimtosha.

Alhamisi akapita nyuma ya Yasinta, binti mgeni wa ofisi anayekaa dirishani. Kwenye kioo cha kompyuta yake akaona: *Pumzisha macho, mlenda wangu. Chai imeiva.*

Yasinta alikuwa anacheka peke yake. "Da Dorkasi, sijui nani ananipenda humu ndani."

Dorkasi, fundi wa kompyuta mzima, alimsahau Kasuku kabisa, maana wivu hauna elimu. Akatoka uani, akampigia Elieza simu.

"Mwambie mzee Ebenezer asije Mkonze."

"Dorkasi, kuna nini?"

"Mlenda wako yuko dirishani. Mpelekee chai."

Akakata. Simu ikaita, ikaita, hakupokea. Akaomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani.

Jumamosi mama yake, Paulina, alikuwa uani anapepeta karanga, hamsemeshi, akijua binti akikasirika huachwa apoe. Dorkasi akafungua kompyuta. Akaandika mwanzo wa hesabu ya kreti za zabibu, vidole vikasita. Kasuku akamletea maneno ya kijivu: *Nimeiona. Usinywe yote, mtu wa Kolo.*

Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliwahi kumpa mtu mmoja tu duniani.

Akashuka mstari. *Leo umechana nywele vibaya, lakini nakupenda hivyohivyo.* Hilo nalo lake. Akacheka, machozi yakamdondoka. Hakuna aliyemwandikia Yasinta. Kasuku alikuwa amefukua shamba lao, kama kanga anavyofukua mbegu.

Elieza alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Kasuku wako hana adabu," Dorkasi alisema. "Ananiita mtu wa Kolo."

"Kumbe ndiyo hayo. Bi Dorothea aliniambia nisafishe kazi za zamani kabla ya kumsomesha. Nilisafisha mengine yote. Nikifika kwenye yale yetu, mkono unakataa."

"Kwa hiyo ukamwacha ampelekee Yasinta chai yangu?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Mzee Ebenezer yuko wapi?"

"Anapiga pasi koti. Nimemwambia umekataa, akasema mshenga harudishwi na binti mwenye hasira, labda mvua."

"Na mvua ya Dodoma tunaijua ilivyo adimu," alisema Dorkasi. "Basi aje."

Akaja, akarudi na jibu jema.

Jumatatu viti viwili vikasogezwa pamoja tena. Wakafuta maneno yao ya zamani, ili Kasuku asomeshwe upya, wakisoma kila neno polepole kabla ya kuliacha liende. Mengine yaliwachekesha, mengine waliyarudia mara mbili. Ukabaki mstari wa kwanza kabisa.

"Na huu?" Elieza aliuliza.

"Futa. Niambie kwa mdomo, nikisikia."

Akafuta. Akamwinamia sikioni. "Pumzisha macho, mlenda wangu."

"Chai imeiva?"

"Bado. Twende tukaichemshe."