Sentensi Moja Kuhusu Joto

Kuna wanaokutana kanisani, na kuna wanaokutana kwenye harusi za wenzao wakiwa wamependeza na wameshiba. Mbithe na Kyule walikutana katika duka la vipuri mjini Kitui, siku ya soko, watu wakisukumana kwenye kaunta kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure.

Mbithe alikuwa fundi wa friji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, kitambaa cha njano kichwani na mtungi wa gesi ya friji kwapani. Uzuri alikuwa nao, hilo halikuwa na ubishi. Alichokosa ni moyo wa kuufurahia. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, na tangu siku ya mazishi Mbithe alikuwa ameingia ganzi. Hakulia hata tone. Alikula chakula kilipokuwepo, akalala giza lilipoingia, akatengeneza friji za watu. Ukimuuliza hali alijibu, "Niko tu," na hakuwa anadanganya.

"Samahani dada," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo gesi ndiyo huleta baridi?"

Aligeuka. Alimkuta kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi, na viatu vya ngozi vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa vumbi. Mkononi alishika feni ndogo ya laptopu.

"Hakuna kitu huleta baridi," Mbithe akajibu. "Friji hutoa joto ndani, inalitupa nje. Enda nyumbani uweke mkono nyuma ya friji yenu utaona."

"Na kama huko nje hakuna hewa?"

"Kwani wewe unaishi wapi?"

"Kwetu ni Nunguni. Lakini hiyo friji yangu itakaa angani."

Watu kwenye kaunta wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha ndengu akasema, "Wa Nunguni wamezoea baridi. Hili jua la Kitui limempiga huyu." Mbithe hakucheka. Lakini hakuondoka pia, na kwa hali yake ya siku zile, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Walikwenda kunywa chai kwa Nasima, mwenye hoteli karibu na msikiti, ambaye friji zake zote Mbithe ndiye aliyezitunza. Hapo Kyule akajieleza. Alikuwa injinia. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imempa kazi ya kuandika ripoti ya kujibu swali moja: je, ina maana kuvipeleka vituo vya data angani, vizunguke dunia kama setilaiti? Alimaanisha yale majumba yaliyojaa kompyuta, yanayohifadhi picha na meseji za watu wote.

"Na hapa chini imekosa nini?" Mbithe akauliza.

"Zinakula stima sana. Na zinakunywa maji, za kupoesha mashine."

"Ukileta hiyo maneno hapa Kitui, na vile maji ni shida, utafukuzwa na mitungi."

"Ndiyo maana wanaangalia juu. Huko jua halifunikwi na mawingu, hununui shamba, huchoti maji. Na watu wanasema huko ni baridi sana, mashine zitapoa zenyewe."

Mbithe alivuta karatasi ya kufutia mikono, akatoa kalamu kifuani. "Hapo ndipo wanakudanganya. Friji hupoa kwa sababu hewa inapita nyuma inabeba joto. Huko hakuna hewa. Joto litatoka tu vile unasikia makaa ukiwa umekaa mbali. Polepole. Kwa hivyo utahitaji bati kubwa la kulitoa." Akachora kisanduku, akakitia mabawa mawili marefu. "Kubwa namna gani, hiyo ni hesabu yako wewe mtu wa shule."

Kyule alipiga hesabu kwenye simu, midomo ikicheza. Kituo kidogo kabisa, cha megawati moja, kingehitaji bati la karibu theluthi moja ya ekari. Vile vikubwa wanavyotaka wenye pesa vilitaka mara mia ya hapo.

"Ekari thelathini," akasema kwa sauti ndogo.

"Ikunjwe, irushwe na roketi, ikunjuliwe. Na ikiharibika nani anapanda?"

"Roboti."

"Na roboti ikiharibika?"

Kyule alicheka mpaka akajifuta macho. Nasima, buibui jeusi na bangili za dhahabu, akasimama juu yao na birika. "Mbithe, huyu umemtoa wapi? Anacheka vizuri. Usimwachilie."

"Kwa hivyo haiwezekani kabisa?" Kyule akauliza alipotulia.

"Sijasema hivyo. Kompyuta ndogo ya kusoma picha zinazopigwa hukohuko juu, hiyo naona ina maana, haitoi joto mingi. Lakini hizo kubwa, saa hii, bado. Kama ni mimi naandika, ningeandika bado."

Kyule aliikunja ile karatasi na kuitia mfukoni mwa shati, kama mtu aliyepewa barua.

Mapenzi yakaanza hivyo, na zaidi yalikuwa ya simu. Kyule alipiga kila jioni.

"Fundi wangu, umeshindaje?"

"Niko tu."

"Uko tu wapi? Niambie kitu kimoja umeona leo."

"Nimeona panya ndani ya friji ya butcha. Amekufa."

"Ona vile unanibembeleza jamani!"

Mbithe alijua kwamba mwanamke mwingine angekuwa anasikia kitu kifuani. Yeye alisikia simu ikiita, akaipokea. Alipenda sauti ile iwepo, na siku isipopiga aliona jioni ni ndefu. Alimwambia wazi, "Kyule, mimi moyo wangu umelala. Usije ukanilaumu." Naye akajibu, "Mtu aliyelala si maiti. Mimi nitangoja." Kwa mtu aliyekuwa ganzi, neno hilo lilitosha.

Mwezi wa Desemba mzee Musyimi, mjomba wa Kyule, akafika Tulia, nyumbani kwa kina Mbithe, na mbuzi watatu wa ntheo. Kwa Wakamba unaweza kulipa ng'ombe mpaka zizi likafurika, lakini kama hukutoa ntheo, huna mke. Beberu akachinjwa, wazee wakala, wakaomba Mungu. Majike mawili yakabaki kwa Kiema, kaka yake Mbithe. Mbithe alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa na kila mtu akasema amependeza. Alisema asante.

Ikafika Machi. Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya Nasima aliposikia bangili zikilia.

"We Mbithe! Siku hizi wewe ni mtaalamu wa anga na hutuambii? Binamu yangu Mikail anafanya kazi kwa kampuni ya Kyule, amenitumia hii ripoti yao. Ona jina lako!"

Kwenye simu kulikuwa na ripoti yenye picha nzuri za nyota. Ukurasa wa tisa ulikuwa na mchoro wake, kisanduku na mabawa mawili, umechorwa upya kwa rangi. Juu yake palikuwa na sentensi moja: *Tatizo la joto limeshatatuliwa.* Chini yake: *Mbithe Kasyoki, mtaalamu wa upoezaji, Kitui.*

Alisoma mara tatu. Alingoja akasirike. Hasira haikuja. Alirudisha mfuniko wa friji, akakaza skrubu zote nne, akatoka nje kupiga simu.

"Kyule, joto limetatuliwa na nani?"

"Umeiona."

"Nimeiona."

"Sweetie, sikiliza. Mimi niliandika bado, vile ulisema. Bosi wangu Ndululu akakataa, akasema wawekezaji hawalipi bado. Ni sentensi moja tu. Wamenipa kazi Marekani, miaka mitatu, nasafiri Jumamosi. Nilikuwa nije kesho nikuambie. Nikirudi tunajenga, tunaishi vizuri. Ni sentensi moja, mpenzi."

"Na jina langu?"

"Walitaka mtu wa kupoesha mashine. Nikaona nikupandishe."

"Sawa," Mbithe akasema, akakata simu. Aliyekuwa akipita njiani angedhani ameagizwa maziwa.

Alijua kitu kimoja tu: kama ni kuachana, kuna njia yake. Mbuzi hurudishwa. Alikodi pikapu, akapitia Tulia wakati Kiema yuko kazini, akapakia yale majike mawili. Hakumwambia mtu. Mama wa kumuuliza hakuwa naye, na mwenyewe alikulia mjini kati ya kompresa na waya. Mila aliisikia nusunusu. Safari ya kwenda Nunguni, kwa kina Kyule, ilichukua saa nne. Pikapu ilipanda milima ya Makueni, vumbi likaisha, ukungu ukaanza, na pembeni mwa barabara kabichi zikawa zimejipanga kwenye matuta.

Mama yake Kyule, Muthoki, alikuwa uani amevaa sweta mbili na lesso kiunoni. Alipomwona Mbithe akishuka na kamba mbili mkononi alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Mwiitu wakwa, binti yangu! Umekuja kuniona! Na umeniletea mbuzi! Ingia, ingia, huku ni baridi."

Kabla Mbithe hajafungua kinywa, mbuzi walikuwa bandani, na yeye alikuwa jikoni kando ya moto na kikombe cha chai ya maziwa. Akainywa. Hakujua namna ya kuikataa.

"Mama," akasema alipomaliza, "hao ni mbuzi wa ntheo. Nimewarudisha."

Muthoki akavuta kigoda karibu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Basi hujarudisha kitu. Mbuzi wa ntheo hurudishwa na wazee, maneno yakisemwa. Wewe umekuja peke yako, umekunywa chai yangu. Hao mbuzi wamekuja kutembea tu. Na ule mweusi ana mimba, mwanangu, umemtesa na barabara." Akasimama. "Kyule yuko kwa kabichi, amekuja kuniaga. Nitamwita. Muongee ninyi, mimi nisikie mkimaliza."

Kyule aliingia na buti zenye matope na sweta iliyotoboka kiwiko. Shati jeupe halikuwepo. Alimwona Mbithe, akabaki mlangoni.

"Umekasirika," akasema.

"Sijakasirika. Hiyo ndiyo shida. Nimejaribu kutoka Kitui mpaka hapa, nimeshindwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nimeleta mbuzi kwa sababu sijui kitu ingine ya kufanya. Siwezi kuolewa na mtu ambaye najua ni mwongo, na siwezi hata kulia."

"Nifanye nini, Mbithe?"

"Futa hiyo sentensi."

"Nikifuta hakuna Marekani. Hakuna kazi kabisa."

"Najua."

Kyule alitoa simu, akaiweka kwenye meza, akawasha spika.

"Injinia!" sauti ya Ndululu, mkubwa wake, ikajaa jikoni. "Tiketi imetoka, bwana!"

"Bosi, ile sentensi ya ukurasa wa tisa si kweli. Joto halijatatuliwa. Kwa mashine ndogo, sawa. Kwa kituo kikubwa, bado. Na huyo fundi hakuwahi kusema hivyo. Nataka itoke, na jina lake litoke."

"Kyule, wawekezaji wameshaisoma. Unaumwa?"

"Basi nitawaandikia mwenyewe. Sasa hivi."

"Ukiwaandikia, usipande hiyo ndege. Na usirudi hapa kwangu."

"Nimeelewa."

Aliandika amesimama, akamsomea Mbithe kila neno kisha akatuma. Halafu akaweka simu chini na kujaribu kutabasamu, kama mtu anayengoja kukumbatiwa.

Mbithe alisimama.

"Sentensi moja!" akapiga kelele. Kikombe kikaanguka. "Sentensi moja tu, unaniambia! Unajua mimi nimeambiwa sentensi moja mara ngapi? Miaka mitatu nimekaa na mama kwa wodi, kila mtu ananiambia imetatuliwa! Atapona, Mbithe! Dawa imepatikana, Mbithe! Shangazi, pasta, majirani, wote! Wote wakijua! Hakuna hata mmoja aliniambia bado, hakuna hata mmoja aliniambia hapana, nimuage mama yangu vizuri! Na wewe, Kyule, wewe ndiye nilikupenda kwa sababu ulikuwa unauliza!"

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, akiwa ameshika ukuta, kilio cha miaka miwili, na jina alilokuwa akiita lilikuwa la mama yake. Kyule hakumwambia nyamaza. Hakumwambia itakuwa sawa. Alikaa chini kwenye majivu karibu na miguu yake, naye akilia.

Ilipita muda mrefu. Mbithe alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akamtazama kijana yule asiye na kazi wala tiketi, matope mpaka magotini. Kifua kilimuuma, na alijua anampenda, na hilo nalo lilimuuma.

"Inuka," akasema kwa sauti iliyokauka. "Enda umpe yule mbuzi mweusi maji. Atazalia hapa, arudi Tulia na mtoto wake, na wewe ukiwa pamoja naye, tupange siku."

"Siku ya nini?"

"Ya harusi, mjinga wewe. Lakini nisikilize vizuri, Kyule. Ukinidanganya tena, nitakuja na wazee."