Bolti ya Chuma kwenye Bwawa la Khởi

Maiti ya Khởi ilikutwa asubuhi ikielea kifudifudi kwenye bwawa lake la kufugia kamba, ubavuni mwa feni ya kupigia maji hewa. Mdogo wake, Tựu, ndiye aliyezima umeme na kuwaita polisi.

Inspekta Nhạn alikunja suruali, akaingia majini. Mota ya feni ilishikwa kwenye fremu ya chuma na bolti nne. Tatu za plastiki. Ya nne ya chuma, inang'aa.

"Bolti hizi hufungwa na nani?"

"Shemeji Thắm," Tựu alijibu. "Kaka hata spana hajui kuishika."

Thắm, mke wa marehemu, alikuwa amempakata mtoto wake mchanga.

"Ni mimi, afande. Lakini nafunga plastiki tupu. Maji haya ya chumvi, chuma kinaliwa na kutu hata mwezi hakimalizi. Na mota yenyewe mtumba, inavuja umeme. Plastiki haiupitishi kwenda kwenye fremu. Ukiweka chuma, umejichimbia kaburi."

"Na hiki kimefikaje?"

"Sijui."

"Hujui, na mfungaji ni wewe?" sajini alidakia, pingu zimeshatoka. "Mtoto mpe jirani."

Thắm alizidi kumkumbatia mwanawe.

"Ngoja kwanza," alisema Nhạn. Bolti haikuwa na hata doa la kutu, basi iliwekwa jana au leo. Mke angeweza. Lakini mabwawa ya Khởi yalijaa feni, na zote alizokagua asubuhi hiyo zilikuwa na plastiki tupu. Kwa nini hii peke yake, iliyo kando ya makaburi ya wazee wa Khởi na Tựu?

Akapanda ukingoni. Mbele ya kaburi la mama yao, vijiti vya udi vilikuwa bado vinafuka.

"Nani kawasha udi? Leo ni kumbukumbu ya kifo cha mama?"

"Bado sana," alisema Thắm. "Na mimi tangu nijifungue sijatoka nje mpaka leo."

Nhạn akamgeukia Tựu. "Basi ni wewe uliyeuwasha. Ulimwomba nini mama yako?"

Tựu alipiga hatua kuelekea nyumbani.

"Tựu. Ulimwomba nini?"

"Msamaha. Kaka alitaka kuwafukua wazee apanue bwawa. Nimembembeleza, ananicheka. Nikafunga bolti ya chuma, nikasema apigwe na umeme kidogo tu, hapa hapa, adhani mama kakasirika. Angeogopa, angeacha. Sikutaka afe, afande."

"Kwenye maji ya chumvi kuna umeme kidogo, wewe?" aliuliza Thắm.

Sajini alimfunga Tựu zile pingu. Nhạn bado hakuelewa jambo moja.

"Khởi alifuata nini kwenye feni, kama hajui hata spana?"

Thắm alimfuta mtoto uso.

"Jana aliniambia ameghairi, makaburi yabaki. Alikuja kuisogeza feni, maji yasiendelee kumega kaburi la mama."

Tựu akaketi kwenye tope, mikono yake bado mbele, imefungwa.