Tangi la Vilio

Wifi yake dobi aligonga kidole gumba cha mguu kwenye beseni la chuma, kile kidole ambacho hata askari akikigonga humkumbuka mamake. Akaruka kwa mguu mmoja, akaachama, mishipa ya shingo ikamtoka. Sauti haikuja. Badala yake, kule uani, ndani ya tangi la saruji la kuhifadhia maji, kitu kikalalama kwa sauti yake yeye mwenyewe: "Mama yangu wee! Nakufa mimi!"

Dobi aliyekuwa akipiga pasi akainua uso. Wakatazamana.

"Wifi, umesikia?" akauliza aliyegonga kidole.

"Mwangwi tu," dobi akasema. "Tangi liko nusu. Likiwa nusu huitikia."

"Liitikie nini, na mimi sijasema kitu?"

Dobi akarudi kwenye pasi yake. Tangu mume wa dobi azikwe, wifi huyu, dada wa marehemu, alikuwa amehamia hapo kumsaidia, lakini msaada wenyewe ulikuwa mgumu kuutoa kwa mtu asiyekaa chini. Mashuka ya nyumba ya wageni yaliletwa kwa marobota, naye aliyafua, akayaanika, akayakunja. Yakiisha, aliwahi hata kufua yaliyokuwa safi. Siku ya msiba hakutoa chozi. Wenye kusifu walisema ana moyo wa chuma. Wenye kusema, na hakuna msiba unaowakosa, walinong'ona kwamba huenda alikuwa amemchoka. Maneno hayo yalimfikia akiwa ameinama kwenye tangi akichota maji, naye kwa hasira akayaambia yale maji: "Anayetaka kunililia na anililie! Mimi nina mashuka ya watu."

Alisikia kitu huko chini kikivuta kamasi. Akajiambia ni ndoo imekwaruza ukuta.

Basi tangi likaanza kazi liliyopewa. Kwanza zilikuwa kwikwi za chini kwa chini, kama za mtu aliyeuma kanga asisikike. Halafu likawa linagumia kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Nyumba ya wageni ikarudisha mashuka yana mabaka meupe; dobi akaramba kidole, akakuta chumvi. Ua mzima ukanuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na jua lilikuwa kali, na mvua haikuwa imenyesha.

"Tuhame," wifi akanong'ona.

"Twende wapi na marobota yote haya?"

Dobi alikuwa na binti wa miaka minne ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa sababu akilia hata viziwi walifunga madirisha. Mchana mmoja, wifi akiwa amekwenda kupeleka nguo, dobi aliiacha pasi mezani akatoka uani kuanika, mara akasikia mtoto akipiga yowe ndani ya tangi. "Mama! Mama, inauma! Mama!" Akaenda mbio, akavuta mfuniko wa bati hadi kucha zikavunjika, akainama nusu mwili akipapasa maji meusi, na kadiri alivyopapasa ndivyo sauti ilivyozidi kwenda chini, ikimwita, ikimsihi, ikikoroma, mpaka akainua mguu aruke humo humo, na ndipo pua yake ikanasa harufu ya nyama inayoungua, nayo haikutoka tangini, ilitoka ndani ya nyumba.

Kengele alikuwa amesimama kando ya meza, kiganja kimenasa chini ya pasi, kinywa wazi, uso umelowa machozi. Hatoi hata mguno.

Hapo ndipo moyo wa chuma ulipoyeyuka. Dobi aliogopa, akaogopa kweli. Mtoto asiyeweza kulia anaweza kufa chumba cha pili, na mama yake akiwa uani anatafuta sauti.

Kesho yake wifi akamleta mganga, mama mmoja mnene wa miwani, asiyependa maneno mengi. Alionja maji ya tangi, akatema.

"Jini huyu, ulimwita mwenyewe?"

"Sikumwita, mama. Nilikuwa na hasira tu."

"Majini hawajui hasira, wanajua ruhusa. Umempa kilio chako, naye amebeba vya nyumba nzima." Akamsogezea kigoda. "Keti hapa, umlilie mumeo kwa kinywa chako. Ukilia mwenyewe, huyu hana kazi tena, ataondoka. Lakini usimsemeshe, na usimwombe chochote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Mganga akarudi mlangoni kufukiza ubani, wifi akimshika mtoto.

Dobi akaketi. Akayakumbuka makubazi ya mumewe, na jinsi alivyokuwa akikunja suruali vibaya makusudi ili akemewe. Macho yakabaki makavu. Na tangi, kama lililokuwa likimsubiri, likaanza kumlilia yule mume, tena kwa sauti ya dobi mwenyewe, likimwita kwa lile jina la chumbani ambalo hakuwahi kulisikia mtu mwingine, likamwomboleza kwa maneno ambayo yeye angeyasema kama angeweza, kuanzia siku waliyokutana hadi siku alipomfumba macho, kilio kizuri, kilio chenye haki yake, na dobi akiwa ameng'ang'ania ukingo wa saruji alikiona kile kilio ni chake na hakipati, akakionea wivu na njaa, mpaka ulimi ukamponyoka.

"Nigawie," akanong'ona. "Nigawie na mimi kidogo."

Tangi likanyamaza.

Ubaridi ukampanda kutoka viganjani hadi kooni. Kisha dobi akalia. Alilia kwa yowe, kwa kite, kwa kugaragara, hata majirani wakachungulia juu ya ukuta wakisema, eh, leo ndiyo kazika. Mganga akaja akachota maji, akayaonja, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Matamu. Ameondoka."

"Mama!" Kengele akachomoka mikononi mwa shangazi yake, akakimbia kwa furaha, akajikwaa kwenye ndoo, akaangukia ule mkono uliofungwa bandeji. Akaachama.

Dobi akapiga magoti, mikono wazi, akiingoja ile sauti ya kufungisha madirisha.

Ikaja. "Mama! Mama, inauma! Mama!"

Wifi akageuka kulitazama tangi. Mganga akageuka pia, miwani ikamdondoka. Mtoto peke yake hakugeuka. Alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake jinsi unavyocheza kwa kila neno la ile sauti, naye akaanza kujivuta nyuma, chini kwa chini, akilia bila sauti.