Rimu ya Kisiwani

Castory wa Nyakitonto, niliyesoma naye sekondari, alikuwa nahodha wa kampuni binafsi ya boti za visiwa vya mabwawa ya Malagarasi. Kule msafiri huita boti kwa kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini.

Jioni moja rimu ya kisiwa kimoja iligongwa boti yake ikiwa imeshaondoka.

"Nahodha, kuna anayetuita," alisema Anifa, msaidizi wake.

"Atavuka kesho. Usiku mmoja hautamuua."

Asubuhi walimkuta mama mjamzito amekufa chini ya rimu, jiwe la kugongea bado mkononi.

Castory aliifungua rimu, akaacha kazi, akaifukia nyuma ya nyumba yake huku milimani. Juzi nilikula kwake. Giza lilipoingia, chuma kiligongwa chini ya udongo, polepole.

Castory hakuinua macho.

"Jana aligonga kwa nguvu zaidi," alisema. "Na hapa sina boti."