Mibonyezo Mitano Mbele ya Bunge

Zarko alitema jino la tatu, ndipo akaanza kusema.

Alikuwa amefungwa kwenye kiti cha chuma ndani ya ghala moja nje kidogo ya mji wa Veles. Nyuma yake makasha yalipangwa hadi darini. Sigara za kielektroniki za kuvuta na kutupa, laki nne kwa hesabu ya haraka, ladha ya embe, ladha ya tikiti, ladha ya peremende. Hakuna hata moja yenye stempu ya ushuru. Nje, walinzi wake wawili walilala kifudifudi kwenye changarawe, na mmoja wao asingeamka tena.

Rodna Kuzmanoska alifuta ngumi yake kwenye shati la Zarko.

"Rudia."

Zarko alirudia. Bomu la kilo nane, ndani ya robota la tumbaku. Robota lipi, hakujua. Alichojua ni kwamba marobota arobaini yalikuwa yameshushwa alfajiri mbele ya Bunge katika mji mkuu, Skopje, na wakulima waliokuja kuandamana walikuwa wamekaa juu yake. Saa tano kamili asubuhi Dokta Ljubena Packova, mwenyekiti wa kamati ya afya, angeshuka ngazi kuwasikiliza. Hapo ndipo lingelipuliwa.

"Nani anabonyeza?"

"Tunamwita Fundi. Sijawahi kumwona, dada. Naapa kwa watoto wangu."

"Huna watoto."

"Basi kwa wa kaka yangu. Kavaa kama mkulima, kajipaka na mikono weusi. Kitufe kiko kwenye sigara ya kielektroniki. Unabonyeza mara tano, harakaharaka, kama unaiwasha. Ukikawia inaanza kuhesabu upya."

Rodna alimpiga moja ya usingizi, akakimbilia Skoda yake.

Saa nne na dakika tano.

Muswada wa Packova uliozua yote haya ulikuwa wa kurasa tisa tu. Kila sigara ya kielektroniki ihesabiwe kuwa tumbaku, ibandikwe stempu, ilipiwe ushuru, asiuziwe mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Zile za ladha ya peremende zipigwe marufuku kabisa. Kura ingepigwa mchana ule. Wakulima waliupinga kwa kelele, wakiogopa kwamba leo ni peremende na kesho ni mashamba yao. Wenye ghala waliupinga kimyakimya, kwa kuwa waliona ndio mwisho wao. Packova akifa katikati ya wakulima, lawama ingewaangukia wakulima na muswada ungezikwa pamoja naye. Ulikuwa mpango wa kishenzi, lakini haukuwa wa kijinga.

Mshale wa mwendo ulifika mia na sabini. Simu ikaunganishwa na Kanali Dukoski, mkuu wake katika idara ya usalama, naye akaelezwa yote.

"Kanali, watoe watu pale."

"Siwezi. Akiona polisi mmoja anakimbia, anabonyeza. Packova asipotokea saa tano, anabonyeza vilevile."

"Gari la kuziba mawasiliano?"

"Liko Bitola. Halitawahi."

Kanali akashusha sauti.

"Rodna. Atakayemkabidhi Packova barua ya wakulima ni Mzee Sotir."

"Najua," alisema, akakata simu.

Mzee Sotir alikuwa baba yake mzazi, mwenyekiti wa wakulima wa tumbaku wa vijiji vya Prilep. Kwa miaka kumi na moja aliamini kwamba bintiye ni karani wa takwimu za kilimo.

Saa nne na dakika thelathini na tano Rodna aliingia uwanjani kwa miguu, koti jepesi limefunika bastola yake aina ya Glock yenye kiziba sauti. Jua la Julai lilikuwa linachoma. Filimbi, ngoma, matrekta matano, wanaume kwa wanawake mia tatu. Na katikati yao, juu ya rundo la marobota chini ya mti, amekaa Mzee Sotir na barua yake mfukoni, anabishana na jirani yake kuhusu bei ya mbolea.

"Ehee! Wakubwa wako wamekupa ruhusa?"

"Nimepita kukusalimia, baba."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Ondoka. Neno moja tu. Lakini baba yake hakuwahi kuweza kuficha kitu usoni. Hata kwenye karata, akipata karata nzuri hucheka kabla ya kuicheza. Akiambiwa, angesimama. Akisimama na uso ule, Fundi angeelewa.

"Kaa hapohapo, baba," alisema. "Hapa kuna kivuli."

Akageuka. Alijichukia kwa ile sentensi kuliko alivyowahi kujichukia kwa risasi yoyote.

Sasa amtafute mtu mmoja kati ya mia tatu, na wote mikono myeusi. Wakulima wale walitoka shambani kuvuna, wakapanda mabasi moja kwa moja na gundi ya tumbaku viganjani. Mbele ya gundi hiyo sabuni haifui dafu. Nyumba zote za tumbaku zinajua dawa yake ni moja.

Chini ya tela la trekta Rodna aliliona kreti la shangazi yake Mitra. Lilikuwa limejaa nyanya mbichi, za kijani, ngumu. Juu yake ilichomekwa sindano ya kutungia majani ya tumbaku, chuma bapa kirefu kupita kiganja. Alilibeba kreti pamoja na sindano.

"Naweni, jamani. Mama mbunge anashuka. Msije mkamnatisha mkono."

Walimtania. Mmoja alimuuliza kama takwimu siku hizi zinahesabu na kucha. Lakini kila mmoja alipokea nyanya yake na, bila hata kuiangalia, akaipasua kwa kidole gumba na kuisugua viganjani hadi povu la kijani likageuka jeusi na kuchuruzika. Hamsini. Mia. Mia na ishirini. Ngazi za Bunge zilikuwa bado tupu.

Saa nne na dakika hamsini na tatu.

Kando ya trekta la bluu alisimama bwana mmoja mpana wa mabega, kofia ya majani bado mpya. Mikono myeusi tii.

"Asante, dada," alisema.

Akaing'ata.

Akatafuna. Uso ulimkunjamana kwa ukali wake, lakini akameza kwa adabu.

"Bado mbichi kidogo," Rodna alisema.

"Nazipenda hivyohivyo."

Rodna alitabasamu, akampa nyanya mtu aliyefuata, akapiga hatua tatu, akaweka kreti chini, sindano ikabaki mkononi mwake. Alipogeuka, yule bwana alikuwa anamtazama jirani yake akinawa. Kisha akaitazama nyanya mkononi mwake, na alama ya meno yake juu yake.

Akaelewa.

Mkono wake ulizama mfukoni. Rodna alimfikia kwa bega na kumsukumia nyuma ya trekta. Sigara ilitoka mfukoni, nyeusi, nyembamba, taa ndogo ubavuni.

Moja. Mbili.

Rodna alimpiga goti la kinena. Kidole hakikuacha.

Tatu.

Kisu kilitoka mkono wa kushoto na kumchana Rodna kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Damu ilimlowesha. Alimgonga Fundi puani kwa paji la uso na kusikia mfupa ukivunjika.

Nne.

Sindano ya tumbaku ilipita katikati ya kiganja kilichoshika sigara, ikatokea upande wa pili na kuzama kwenye tairi. Tairi lilianza kuvuja upepo. Fundi alibaki amegongomewa pale kama ngozi inayoanikwa, sigara ikamtoka na kuangukia majani makavu. Taa ilipepesa mara nne, ikazimika.

Hakupiga kelele, na kwa hilo alistahili sifa. Alijichopoa kiganja kutoka kwenye sindano, nyama ikabaki, akaacha kisu, akajitupa chini na kuishika sigara kwa mkono wa kushoto.

Moja, mbili, tatu.

Rodna alimkanyaga kifundo cha mkono hadi kikavunjika. Wakati huohuo uwanja mzima ulizomea kwa nguvu, maana Dokta Packova alikuwa ametokea juu ya ngazi. Katika kelele ile hakuna aliyesikia Glock ikikohoa mara mbili.

Saa tano kamili.

Packova alishuka, akapokea barua, akampa Mzee Sotir mkono. Walibishana dakika kumi, naye akapanda tena ngazi akiwa mzima. Ndipo watu wa Kanali walipowasogeza wakulima polepole na kulifungua rundo. Bomu lilikuwa kwenye robota la juu. Lile aliloketia Mzee Sotir.

Saa nane simu ililia.

"Sitini na nne kwa thelathini na moja," Kanali alisema. "Muswada umepita. Una hali gani?"

"Mzima."

Mzee Sotir alikuwa amesimama kando ya utepe wa polisi, anautazama mkono wa bintiye uliofungwa kitambaa, kisha koti, kisha kilichovimba chini ya koti. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, baba."

"Ulipokuja kunisalimia."

"Kabla ya hapo."

"Na ukaniambia nikae."

Rodna alingoja kofi, au matusi, na vyote viwili angevipokea.

"Ungeniambia ukweli, ningekimbia," mzee alisema polepole. "Ningewaacha wenzangu wote pale. Najijua."

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nenda kazini," alisema. "Utachelewa."

Rodna alivaa miwani yake ya jua, akakaza kitambaa kwa meno, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kila siku, bila kugeuka nyuma. Angegeuka, angemwona baba yake ameketi chini palepale kwenye lami.